Mkuku wa modeli ya jahazi umepinda milimita 7, bado unaokoka?

BintiNahodha (Mombasa)

Assalaam aleikum wadau. Mjomba wangu aliyeko Muscat alinitumia seti ya kujenga jahazi dogo la mbao, urefu wa sentimita 62 likikamilika. Vipande vimekatwa kwa leza: mkuku (uti wa chini wa chombo) na vibao 12 vya mataruma (mbavu zake) ni plaiwudi ya milimita 4, mbao za ubavuni ni vijiti vyembamba vya mbao nyeupe laini.

Mwezi wa tatu niliupaka mkuku vanishi upande mmoja, nikauegemeza ukutani ukauke. Nikauguliwa na mtoto, sikurudi mezani mpaka masika yameshapamba moto. Sasa nikiuweka juu ya kioo cha dirisha ncha zote mbili zinagusa kioo na katikati pananing'inia milimita 7. Haukujisokota, umepinda tu kama upinde. Vibao viwili vya mataruma navyo vimejikunja kidogo.

Baba yangu alikuwa nahodha, alisafiri kwa tanga Lamu na Pemba miaka mingi. Sasa haoni. Hili jahazi ni lake, atalijua kwa vidole, na mkuku uliopinda ataugundua kabla hajafika kwenye mlingoti. Ndiyo maana sitaki kuulazimisha kwa gundi na kufunika makosa kwa mbao za juu. Nifanyeje? Au nichonge mpya?

FundiNungwi

Waaleikum salaam binti yangu. Mpe mzee salamu zangu.

Kwanza niambie: upande uliopaka vanishi ndio wenye bonde au ndio wenye tumbo?

BintiNahodha

Shikamoo fundi. Wenye vanishi ndio wenye bonde.

FundiNungwi

Marahaba. Basi mbao yako haina ubaya. Imekunywa maji upande mmoja. Vanishi imeziba uso huu, masika ikaja, uso wa pili ukavuta unyevu na kutanuka, ukausukuma mwenzake. Ungepaka pande zote mbili siku moja, ungeukuta kama ulivyouacha. Na ukutani si mahali pa kuegemeza ubao, kwa sababu upande unaotazama ukuta haupati hewa sawa na wa nje.

Usichonge mpya. Fanya hivi. Ondoa vanishi kwa msasa namba 180 mpaka uone mbao tupu, usile tabaka la juu, kwenye plaiwudi hiyo ni jembamba sana. Kisha chovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, kamua sana, ufute upande wa bonde peke yake. Ufute tu, usiloweshe. Utauona ukianza kunyooka wenyewe ndani ya dakika chache, usishtuke. Hapo ulaze juu ya kioo, bonde chini, na chini ya kila ncha uweke kijiti cha unene wa milimita 2. Juu yake, katikati tu, laza kibao kifupi kilichonyooka, hapo panda chupa tatu za maji za lita moja na nusu. Vile vijiti vya nchani vinaupeleka mkuku kidogo upande wa pili, maana ukiutoa utarudi nyuma kiasi. Siku mbili, tatu, mahali pa kivuli penye hewa. Jua usilitie hapo kabisa.

Sisi huku tukitafuta taruma la chombo kikubwa tunapenda mti uliopinda wenyewe, nyuzi zake zimeshafuata umbo tunalolitaka. Mkuku ni kinyume chake. Ukiwa na kona, chombo kizima kitavuta upande mmoja maisha yake yote. Una haki kuhangaika.

Kipande_Dar

Dada, kuna njia fupi. Chukua pasi, weka kitambaa chenye maji juu ya kipande, piga pasi ya moto dakika mbili, kisha kandamiza. Mimi natengeneza nyumba za wanasesere na nimenyoosha vipande vingi hivyo.

FundiNungwi

Kwa mbao ya kipande kimoja sina neno, mvuke unalainisha nyuzi na inakubali. Kwa plaiwudi ambayo hujui imegandishwa kwa gundi gani mimi siipendi hiyo. Tabaka likiachia hata kwa upana wa kucha, mkuku umekwisha.

Kipande_Dar

Hapo umenena fundi, zangu nyingi ni mbao tupu. Basi niongeze la kuzuia. Mbao iliyokaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 50 hutulia na maji karibu asilimia 9 ya uzito wake mkavu. Unyevu ukifika asilimia 80, maji yanapanda karibu 16. Kutoka chumba chenye kiyoyozi Muscat mpaka Mombasa wakati wa mvua, kipande lazima kitembee. Mimi seti ikifika naifungua, natenganisha karatasi za mbao, nazilaza katikati ya vibao viwili wiki nzima kwenye chumba kilekile nitakachofanyia kazi. Sikati wala sipaki kitu kabla ya hapo.

Na vile vijiti vya ubavuni usiviogope. Hivyo vinatakiwa vipinde. Loweka dakika 20 kwenye maji ya moto, vifunge kwenye umbo kwa klampu za nguo, viache vikauke usiku mzima ndipo utie gundi. Ukivibandika vikiwa vibichi vitasinyaa baadaye na utaona mianya kati ya ubao na ubao.

BintiNahodha

Nimerudi na majibu. Siku tatu chini ya chupa, nikaupima tena jana: umebaki chini ya milimita 1. Leo asubuhi nimepaka pande zote mbili na kingo zake, nimeutundika kwa uzi katikati ya chumba. Vile vibao viwili vya mataruma vimenyooka kwa usiku mmoja tu.

Swali la mwisho: hiyo milimita iliyobaki, niirudie?

FundiNungwi

Acha. Tafuta kipande cha engo ya alumini (kile chenye umbo la L), ubane mkuku juu yake, halafu ubandike mataruma ungali umefungwa hapo. Anza na la katikati, kisha moja la mbele, moja la shetri (nyuma), hivyohivyo, usifuate mstari kutoka upande mmoja. Kati ya taruma na taruma bandika vijibao vya mraba kulia na kushoto. Gundi nyeupe nayo ni maji, kwa hiyo itie kidogo na pande zote mbili sawasawa. Usiitoe engo kabla ya saa 24.

BintiNahodha

Nimefunga mataruma matano tangu adhuhuri. Baba ameketi hapa, amepitisha kidole kwenye mkuku kutoka omo (mbele) mpaka shetri, kisha akarudia. Ameuliza foromali, ule mti wa kubebea tanga, nitaichonga lini.