Wakuu, kuomba kuna maana gani kama hali inazidi kuwa mbaya?

Mleta Uzi: Heshima kwenu. Mama anaumwa muda mrefu. Nimefunga, nimekesha, tumeombewa. Siku hizi nikisali Baba Yetu nafika "mapenzi yako yatimizwe" nakwama. Maombi yanabadilisha kitu au najidanganya? Matusi hapana.

Mlokole Mstaafu: Kuna dhambi hujatubu. Jichunguze.

Dada Tulia: Mlokole, kasome Yohana 9. Wanafunzi waliuliza hivyo hivyo kuhusu yule kipofu, Yesu akawakatalia. Mleta uzi, pole sana. Jaribu Zaburi 88: inaanza na kilio, inaishia gizani, na bado imo kwenye Biblia. Nilipofiwa na mume wangu ndiyo pekee niliyoimudu. Watu walinitumia Warumi 8:28, ile ya Mungu kuwapatia mema wampendao katika mambo yote, mpaka nikazima simu.

Kobe Mzee: Mimi mgongo ulinitesa, nikaombewa, wiki hiyo hiyo nikaanza kuogelea. Ukaisha. Nimshukuru nani sijui, ila ogeleeni.

Sina Baya: Mkuu kuna kitu umekiruka. Mbona unakwama hapo hapo? Unamwombea nini hasa?

Mleta Uzi: Haya. Naomba apumzike. Sijamwambia mtu. Na wale wa kikundi cha maombi nimewaambia wasije tena. Wanakemea ugonjwa kwa sauti kichwani pake, yeye akisikia tu viatu mlangoni anafumba macho ajifanye amelala. Msinihukumu, hamlali naye nyinyi.

Mlokole Mstaafu: Unamwombea mama mzazi kifo? Shetani ashindwe!

Dada Tulia: Eliya naye aliomba afe, 1 Wafalme 19. Hakukemewa, aliletewa chakula akalala tena.

Sina Baya: Eliya alijiombea mwenyewe, dada. Mama anataka nini? Umemuuliza?

Mzee wa Chai: Chai hii, stori ya kutunga. Una mgonjwa mahututi halafu saa nane usiku unaandika uzi? Mwaka jana ililetwa kama hii, tofauti alikuwa baba.

Mleta Uzi: Saa nane ndiyo zamu yangu ya kumgeuza asitoke vidonda. Ulitaka niandike saa ngapi? Huyo wa mwaka jana simjui.

Mzee wa Chai: Sukari imezidi.

Dada Tulia: Hata iwe chai, swali lina wenyewe humu. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, akaambiwa neema inamtosha. Mwiba haukutoka. Alikuwa na imani ndogo?

Mleta Uzi: Sina Baya, sijamuuliza. Nikimsogelea ananiuliza kama nimekula.

Sina Baya: Muulize kukicha. Na kikundi kurudi au kutorudi aamue yeye, si wewe.

Mleta Uzi: Kikundi hakirudi, hilo nimeshamaliza. Mengine nitamuuliza.

Sina Baya: Sasa utamuuliza nini kama majibu unayo?

Kobe Mzee: Na mimi hakuna aliyenijibu habari ya kuogelea.