Wiki ya mapishi kwenye maktaba ya shule, bila kuwasha moto: naomba mawazo

MwalimuPangani
Habarini wadau. Nafundisha shule ya msingi huku Pangani na nimekabidhiwa maktaba. Ni chumba kimoja, rafu tatu, mikeka, na mwembe mkubwa nje ya dirisha. Mwezi ujao nataka kufanya wiki ya mapishi na darasa la nne na la tano. Watoto hawa kukuna nazi wanajua, ila ukiwapa kitabu wanafunua picha kisha wanakirudisha. Naamini chakula kitawavuta wasome.

Mwalimu mkuu amekubali kwa masharti mawili: moto usiwashwe, na chakula kisiingie penye vitabu. Hapo namuunga mkono, maana mende wakishafuata makombo wanahamia kwenye gundi ya majalada. Shida yangu ni kwamba vitabu vya mapishi ninavyo viwili tu, na kimoja ni cha Kiingereza. Siku tano, saa moja kila siku. Nifanye nini?

BintiKisauni
Kachumbari, mwalimu! Haitaki moto. Visu viwe vile butu vya kupakia siagi, na vitunguu ukate wewe mwenyewe. Nyanya na matango waachie wao.

BiMaktaba
Mwalimu, hivyo viwili vinatosha, kwa sababu cha tatu watakiandika wenyewe. Nimesimamia maktaba ya shule Unguja hadi nikastaafu, na hili ndilo lililowafanya wanangu wasome.

Jumatatu usipike kitu. Watume nyumbani wakamuulize bibi, mama au shangazi namna ya kupika chakula kimoja tu, waandike. Kazi yenyewe inaanza Jumanne wakirudi. Mtoto atakusomea: "Vitumbua. Loweka mchele, saga na tui, tia hamira, sukari na iliki, acha uumuke, choma." Muulize: mchele kiasi gani? Hajui. Tui zito au jepesi? Hajui. Umelowekwa tangu lini? Bibi hakusema, mkono wake umeshazoea. Basi mrudishe nyumbani na kikombe. Mvulana mmoja wa kwangu alikwenda akakaa jikoni, na kila bibi alipotaka kumimina tui anamzuia: "Ngoja bibi, nipime kwanza." Alichoniletea kilikuwa kirefu kuliko insha yoyote aliyowahi kuandika, na hakuna aliyemlazimisha. Bibi wengine watakutajia kibaba na pishi. Pishi moja ni vibaba vinne, kwa hiyo mwite mwalimu wa hisabati mpime mchele pamoja.

Jumatano ni ya viungo. Tia iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga kwenye vikopo vyenye matundu, wanuse macho yamefumbwa, waandike walichodhani. Kisha shusha atlasi. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Iliki na pilipili manga ni kusini mwa India. Mdalasini ni Sri Lanka. Halafu waambie kwamba mahindi, muhogo, nyanya na pilipili kali vilitoka Amerika. Utaona wanavyobisha juu ya muhogo! Waache wabishe, wakatafute vitabuni.

Alhamisi tokeni chini ya mwembe mtengeneze juisi ya ubuyu. Kipe kikundi kimoja maelezo yaliyoandikwa na kikundi kingine. Mmoja asome kwa sauti, wenzake wafanye yale tu waliyoyasikia, wasiongeze. Mwandishi akisahau kuandika "chuja", watu watakunywa na nyuzi na mbegu zake. Hapo kila mtoto anaona mwenyewe kwa nini sentensi lazima ikamilike, kuliko ungemsahihisha kwa kalamu nyekundu mwaka mzima.

Ijumaa kusanyeni kurasa zote mzifanye kitabu. Kama rafu zako zinafuata mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba za mada, kipe 641.5, namba ya mapishi, kisimame pamoja na vile viwili. Na kiazimwe kama kitabu kingine chochote. Usikifungie kabatini.

BabaWawili
Nyongeza ndogo. Pelekea wazazi barua mapema, uulize nani anadhurika na chakula gani. Mwanangu akionja karanga anavimba midomo. Maji ya juisi yawe yaliyochemshwa yakapoa. Na uangalie kalenda, usije ukaangukia Ramadhani.

MwalimuPangani
Ahsanteni sana. Bi mkubwa, shikamoo. Hilo la kikombe limeniingia. Nina wasiwasi mmoja tu: wapo watoto wanaoishi na baba peke yake, au kwa ndugu wasio na muda. Hao watamuuliza nani?

BiMaktaba
Marahaba mwanangu. Baba naye anapika, aulizwe. Asiye na mtu, mpeleke kwa mpishi wa uji wa shule au kwa mama anayeuza vitumbua hapo jirani. Kwangu mama wa vitumbua alikuja mwenyewe Ijumaa kusikiliza maneno yake yakisomwa, akamsahihisha msomaji mara mbili, na wakaandika upya papo hapo.

MwalimuPangani
Nimeelewa. Jalada nitumie nini?

BiMaktaba
Karatasi ngumu ya manila. Na mshone kwa uzi, msibane kwa pini. Huku pwani pini zinashika kutu upesi na kurasa zinachanika.