Miaka 24 Dar, nimerudi kwenye zabibu za baba kule Mpunguzi, Dodoma. Nilime au tuuze?

MtuWaMpunguzi:
Mbukwenyi wakuu. Nina miaka 49. Niliondoka Dodoma 2001. Baba alinisindikiza mpaka stendi, akaniambia neno moja tu: usisahau njia. Nikaisahau. Hela nilituma, lakini kuja nimekuja mara sita, nne misibani.

Mwaka jana tumemzika. Kaacha ekari mbili za zabibu, nusu zimekauka. Nimerudi kwa treni ya umeme. Safari niliyoiogopa miaka yote sasa ni saa chache, na niliyekuwa namfuata hayupo.

Wadogo zangu wanataka tuuze. Tangu Serikali ihamie huku ardhi imepanda, madalali hawakauki. Mimi nataka kulima, ila kila nikishika jembe namuona mzee, nakaa chini ya mbuyu mpaka jua linazama. Je, napenda kilimo kweli au namlipa marehemu deni?

MamaHombolo:
Pole mwanangu. Anza na shamba, moyo utafuata. Kwangua gome kwa kucha. Ndani kukiwa kijani, mzabibu huo uko hai: upogoe, uache macho (vile vinundu vinavyochipua) mawili matatu kila tawi. Uliokufa ng'oa, hata kama baba aliupanda kwa mkono wake. Ukiwa na maji utavuna mara mbili kwa mwaka. Mimi nilipofiwa na mume nilishindwa kukata hata kijiti, nikapoteza msimu mzima.

Kijana_Nzuguni:
Kaka, nisamehe nikikugusa. Wewe ulikuwa unatuma hela, wadogo zako ndio waliokuwa wanambeba mzee usiku kumpeleka hospitali. Shamba ni lao pia. Umewauliza hiyo hela ya kuuza wanaitakia nini?

MtuWaMpunguzi:
Sikuwauliza. Nimesoma hapo nikaweka simu chini muda mrefu.

Jioni nimempigia anayenifuata. Kumbe walikopa kwa ajili ya matibabu ya baba, wakanificha nisihangaike. Deni bado halijaisha. Nimemwambia hilo nitalibeba mimi, nina akiba kidogo, na habari ya kuuza tuizungumze wote watatu baada ya hapo. Alinyamaza, kisha akauliza kama mkasi wa mzee wa kupogolea nimeuona. Uko juu ya mlango wa stoo, una kutu.

Anakuja Jumamosi na tupa ya kuunolea. Mama, asante, nimekwangua mistari minne ya upande wa barabara. Mitatu ni kijani.