Tupeane uzoefu: matangazo yanayojifungua yenyewe kwenye kompyuta ya nyumbani (Arusha na Moshi)

sakina_juu (mwanzisha uzi): Wakuu, hapa tuongelee kitu kimoja tu: kompyuta ya nyumbani inayorusha matangazo yasiyoitwa, au kivinjari ambacho ukiandika neno kinakupeleka kwenye injini ya kutafuta usiyoijua. Semeni dalili, chanzo na dawa. Ushauri wa "piga Windows upya" tuuweke mwisho kabisa. Ukishapiga upya kisha ukaingia na akaunti ileile ya Google yenye sync (inayorudisha mipangilio yako kwenye kila kompyuta), kiendelezi (kiprogramu cha kuongeza kwenye kivinjari) kibovu kinashuka tena pamoja na alama zako za kurasa.

fundi_ngarenaro: Kabla ya dawa, angalia tangazo linatokea wapi. Kama linachomoza pembeni kulia chini ya skrini, likiwa na jina la Chrome na anwani ya tovuti fulani, hicho si kirusi. Ni arifa, na ruhusa ilitolewa na mtu wa nyumbani. Tovuti za kuangalia mpira bure na za kushusha muvi zinakuwekea maandishi "bonyeza Allow kuthibitisha wewe si roboti". Ukibonyeza, basi, hata "kompyuta yako ina virusi 5" inatoka hukohuko, na ukiigusa unapelekwa kwenye ukurasa wa kukuuzia antivirus.

Dawa: andika chrome://settings/content/notifications kwenye sehemu ya anwani, shuka hadi orodha ya tovuti zilizoruhusiwa, futa zote usizozitambua. Hapohapo juu chagua tovuti zisiruhusiwe kuomba arifa kabisa. Kwenye Edge ni edge://settings/content/notifications. Halafu ingia mipangilio ya Chrome, sehemu ya System, zima ile ya kuendelea kufanya kazi chinichini baada ya kufunga dirisha. Ikiwa imewashwa, arifa zinaweza kuendelea kuja hata ukidhani umefunga kila kitu, na bando linaliwa.

mama_wa_pasua: Hapo kwenye ruhusa niongeze: msimu wa matokeo ya kidato cha nne linki za kuangalia matokeo zinasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp kama mvua. Waelekezeni watoto waandike necta.go.tz kwa mkono. Ukurasa wa matokeo hauhitaji ruhusa ya arifa wala kusakinisha chochote.

kiborloni_pc: Kama matangazo yako ndani ya kurasa zenyewe, hata kwenye tovuti ambazo kwa kawaida hazina, nenda chrome://extensions. Zima viendelezi vyote, fungua upya kivinjari, washa kimoja kimoja. Msidanganyike na umaarufu wa kiendelezi. The Great Suspender kilikuwa na watumiaji wengi na sifa nzuri, mwenyewe akakiuza 2020, na Februari 2021 Google wakakiondoa kwa sababu kilikuwa na msimbo hatari. Kilichokuwa salama jana kinaweza kubadilika kwa sasisho moja, kwa hiyo usichokitumia kiondoe.

njiro_block_c: Na kama kitufe cha kuondoa hakipo, na chini ya menyu kumeandikwa "Managed by your organization"? Kompyuta ni ya nyumbani, haina ofisi yoyote.

kiborloni_pc: @njiro_block_c hiyo ndiyo ngumu kidogo, mkuu. Kuna programu imeandika sera (amri za lazima kwa kivinjari) kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows. Fungua chrome://policy. Ukiona ExtensionInstallForcelist yenye herufi 32 zisizosomeka, hicho ndicho kiendelezi kinacholazimishwa. Baadhi ya antivirus halali nazo huandika sera, kwa hiyo soma kwanza kabla ya kufuta.

Fuata mpangilio huu:

Kwanza bonyeza Windows+R, andika appwiz.cpl, panga kwa tarehe, ondoa programu zilizoingia karibu na siku tatizo lilipoanza. Pili, fungua Task Scheduler (ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe) ufute kazi zenye majina ya ajabu zinazoita faili ndani ya folda ya AppData. Tatu ndiyo rejista: fungua Command Prompt kama msimamizi, andika

reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /f

kisha rudia ukiweka HKCU badala ya HKLM. Washa upya. Wengi huanza na rejista, na ile kazi iliyobaki inaiandika tena kompyuta ikiwaka. Mwisho pitisha AdwCleaner ya Malwarebytes, kisafishaji cha programu za matangazo. Ni ya bure na haihitaji kusakinishwa, ila ishushe malwarebytes.com tu.

fundi_ngarenaro: Pia bofya kulia ikoni ya Chrome kwenye desktop, Properties, sehemu ya Target. Baada ya chrome.exe" pasiwe na anwani ya tovuti. Ikiwepo, kila ukifungua utatua hapo hata usafishe vipi.

stendi_kuu_moshi: Chanzo kikubwa hamjakitaja: vile viprogramu vya kuamsha Windows bila leseni. Vinakuambia uzime Defender (antivirus ya Windows yenyewe) kwanza, na hapo ndipo mlango unapoachwa wazi. Ukinunua kompyuta iliyotumika, fungua Windows Security, sehemu ya virusi, mipangilio, Exclusions (orodha ya sehemu zisizokaguliwa). Ukikuta C:\ nzima imesamehewa, Defender hapo ni picha tu. Ondoa, kisha washa kuzuia programu zisizotakiwa kwenye App & browser control, Reputation-based protection.

Na mnaposakinisha programu za bure chagueni Custom, si Express. Visanduku vilivyotikiwa tayari vimo humo.

sakina_juu: Je, yakitokea kwenye simu pia?

kiborloni_pc: Zima wifi, tumia data ya simu. Yakipotea, shuku ruta: DNS yake (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba) huenda imebadilishwa. Ingia ruta, rudisha DNS au weka 94.140.14.14 ya AdGuard, badilisha nenosiri la kiwandani. Yakibaki hata kwa data, tatizo liko ndani ya simu.

njiro_block_c: Kizuizi cha matangazo je?

stendi_kuu_moshi: uBlock Origin kamili kwenye Firefox. Chrome imebaki na toleo lake dogo, uBlock Origin Lite.