Chunusi zinanimaliza jamani, kila nikiacha ile krimu zinarudi kwa hasira

Mdada_Uso
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana nishachoka. Nina miaka 26, ngozi yangu ya mafuta hatari, nikinawa asubuhi ikifika mchana paji la uso linang'aa. Chunusi zilianza nikiwa shule nikajipa moyo nikikua zitaisha, wapi. Nishapaka dawa ya meno, limao, skrabu ndo usiseme nasugua mpaka uso unawaka.

Sasa kuna dada wa saluni akanichanganyia krimu kwenye kikopo, hakina lebo wala nini, aisee mwanzoni uso ukatakata mpaka watu wananiuliza natumia nini. Shida nikikaa siku mbili tatu bila kupaka uso unapata moto, unawasha, halafu vinatoka vipele vidogo vidogo vya usaha mashavuni mpaka kidevuni, nikirudia kupaka vinatulia. Na madoa meusi yamebaki kibao. Niendelee nayo au kuna jeli ya famasi mnayoiaminia? Matusi hapana plizi.

Babu_Kijiwe
Olewa zitaisha 😂😂

Mama_Wawili
@Babu_Kijiwe mi nimeolewa na watoto wawili juu na bado ninazo, labda niolewe tena

Dawa_na_Dozi
Pole mtoa mada. Niko upande wa dawa kidogo, hebu tuanze na hicho kikopo maana jeli utanunua hata kumi kama hicho kipo hutoboi.

Krimu ya kuchanganya inayotakatisha uso chapchap mara nyingi imewekwa steroidi kali, klobetasoli au betamethasoni. Steroidi inazima uvimbe na muwasho haraka ndo maana ukaona miujiza, ila chunusi haitibu, na ukiizoesha uso ngozi inakuwa nyembamba, inaanza kutoa vipele vyake yenyewe. Ukiacha inalipuka, ukipaka inatulia, unarudi tena, yaani umeshakuwa mateka. Hayo uliyoandika ndo dalili zake kabisa. Siwezi kuapa kilichomo humo bila kupima ila mimi nisingekipaka tena kama mafuta ya kila siku.

Nenda kwa dokta wa ngozi na UBEBE KIKOPO, usiende kumsimulia tu. Kama umekitumia muda mrefu atakupangia namna ya kukiacha, wengine wanashushwa taratibu, wengine wanapewa dawa ya kutuliza wakati ngozi inalipuka. Jiandae, itachafuka kwanza kabla ya kutulia, hapo ndo wengi wanakimbilia kikopo tena.

Kwa sasa limao, dawa ya meno na skrabu weka pembeni vyote. Chunusi inaanzia ndani ya kinyweleo, mafuta na seli zilizokufa vinaziba, bakteria wanazaliana humo panavimba, sasa ukisugua juu unaongeza kidonda tu. Nawa mara mbili kwa siku na sabuni laini isiyo na manukato, paka losheni nyepesi isiyoziba vinyweleo, basi.

Chali_Mgongo
Naunga mkono. Mi zangu zilikuwa za mgongoni, dawa ya kupaka ya famasi inaitwa benzoili peroksaidi ndo iliniokoa. Chukua ya asilimia 2.5, usidanganyike na ya 10, inakausha na kuwasha zaidi wakati kazi ni karibu ileile. Ila inapausha nguo, foronya yangu ya bluu ina mabaka meupe kama ramani na taulo ndo basi tena, tumia vyeupe.

Mama_Wawili
Mimi nilipewa adapalini ya asilimia 0.1, dawa ya chunusi ya kupaka, unapaka usiku uso ukiwa mkavu kabisa, kiasi cha punje ya njegere kwa uso MZIMA sio kwa kila chunusi. Anza usiku mmoja unapaka mmoja unaruka maana inabanduabandua ngozi, na mwanzoni chunusi zinaweza kuzidi. Watu wanaitupa mapema wanasema feki, kumbe inataka kama wiki 12 ndo uihukumu. Ila mdogo wangu usiianze uso ukiwa bado unawaka hivyo, subiri utulie.

Dawa_na_Dozi
Nimesahau madoa. Usitumbue, na paka sanskrini (losheni ya kukinga jua) ya SPF 30 kwenda juu kila asubuhi, jua linayakoleza. Asidi ya azelaiki inasaidia chunusi na madoa kwa pamoja. Haidrokwinoni, ile dawa ya kung'arisha ngozi, usijinunulie mwenyewe, ukiitumia hovyo muda mrefu inaweza kukuacha na weusi wa bluubluu mgumu kutoka.

Mdada_Uso
Mungu awabariki, kikopo nimekifungia kwenye mfuko nakipeleka kwa dokta kama mlivyosema. Maswali mawili, tunatafuta mtoto na mume wangu, hizo dawa vipi? Halafu za kidevuni zinazidi nikikaribia hedhi, na hedhi yenyewe haieleweki, inaruka hata miezi miwili.

Babu_Kijiwe
Kumbe umeolewa, nafuta kauli

Dawa_na_Dozi
Vizuri umesema. Adapalini achana nayo kama mnatafuta mtoto. Na vidonge vya chunusi vya isotretinoini mtu asikupe kienyeji hata kama kwake vilifanya kazi, vinaharibu mtoto tumboni, havitumiki bila daktari na uzazi wa mpango wa uhakika. Azelaiki ndo huwa chaguo la kwanza kwa mjamzito, benzoili peroksaidi nayo madaktari wengi wanairuhusu.

Hedhi kuruka pamoja na chunusi za taya na kidevu, na kama kuna vinywele vigumu kidevuni ndo zaidi, mwambie dokta akupime homoni na ovari. Hilo lishughulikie sasa hivi, linagusa na huko kutafuta mtoto, usisubiri uso utulie kwanza.

Mdada_Uso
Vinywele vipo, huwa navinyofoa. Naenda wiki hii hii, nitaleta mrejesho hapahapa.