Naomba ushauri: nipimeje kazi ya kituo cha utafiti kinachoendeshwa kwa kodi zetu?

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Niko Newala. Nimeingizwa kwenye timu ndogo ya kutathmini kituo kimoja cha utafiti wa kilimo cha serikali, mimi nikiwakilisha wakulima wa korosho. Taarifa tuliyopewa imejaa idadi ya makala, semina na miche iliyogawiwa. Sawa, ila mche kugawiwa siyo mche kushika.

Nilijaribu kulinganisha na tani zilizopita ghala la AMCOS yetu, yaani chama chetu cha ushirika cha kuuza mazao, nikakwama. Mavuno hupanda na kushuka kwa mvua, kwa ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), kwa salfa, dawa yake, kuwahi au kuchelewa. Sasa nimsifu mtafiti kwa mvua? Halafu mkorosho wenyewe unataka kama miaka 3 ndipo uanze kuzaa, bado hujahesabu miaka ya majaribio, wakati sisi tunakagua bajeti ya mwaka 1. Nimeuliza vijiji viwili nani anapanda mbegu za kituo hicho. Wengi hawajui hata miche yao ilitoka wapi.

Nitumie vigezo gani kutenganisha mchango wa kituo na hayo mengine? Na kwa zao la miti, tathmini irudi nyuma miaka mingapi ili tusiwaonee?