Familia ya Ngamiani: kiwanja cha Pongwe

Mjomba Hamisi: Assalaam alaykum familia. Juma kapata njia ya kwenda Uingereza, kazi ya kutunza wazee kama dada yake. Ajenti wa Dar anataka milioni 14, nusu ifike kesho. Nimeona tuuze kile kiwanja cha Pongwe. Mnasemaje?

Shangazi Mwanaidi: Waalaykum salaam kaka. Ni heri hiyo! Mnunuzi yupo?

Mjomba Hamisi: Yupo. Anakuja na hela kesho saa nne.

Juma: [picha] Barua ya siponsa, yaani mwajiri wa kule anayenidhamini, hii hapa, ina jina langu na namba ya pasi.

Rehema Leeds: Shikamoo mjomba, shikamoo shangazi. Ndiyo natoka kwa mteja, niko kituo cha basi. Nawaomba sana msiuze. Msitoe hata shilingi mia.

Juma: Dada, si ulipita njia hiihii?

Rehema Leeds: Nilipita Mei 2024. Mlango ule umefungwa tangu 22 Julai 2025, mtunza wazee hachukuliwi tena kutoka nje. Wanaoajiriwa ni walioko huku tayari kwa viza. Hata kampuni iwe ya kweli, wewe uliye Tanga haiwezi kukupa cheti cha siponsa, kile cha kuombea viza. Na cheti chenyewe hakiuzwi, kampuni hairuhusiwi kumtoza mfanyakazi gharama yake. Huyo anataka hela yenu tu.

Mjomba Hamisi: Mwanangu, mbona ana ofisi na nimeongea naye mwenyewe? Kasema miaka mitano Juma anapata makazi ya kudumu, na mkewe anamfuata.

Rehema Leeds: Mkewe hamfuati, mjomba. Tangu 11 Machi 2024 anayeingia kwa kazi hii haleti mume, mke wala mtoto. Ndiyo maana mwanangu Zuhura yuko hapo kwa mama.

Rehema Leeds: Na hiyo mitano yenyewe, Novemba 2025 serikali imependekeza sisi tusubiri 15. Bado ni pendekezo, ila wanataka litushike hata tulioingia zamani. Nilimwacha Zuhura ana miaka 4. Nilikuwa nahesabu 2029, atakuwa na 9. Likipita hili ni 2039.

Shangazi Mwanaidi: Laa haula 😢

Juma: Lakini unalipwa dada. Mimi nikishampa tajiri hesabu yake ya pikipiki, siku nyingine nabaki na elfu tatu.

Rehema Leeds: Nalipwa mdogo wangu, sikatai. Bati la nyumba ya mama limetoka huku. Ila kuna jambo sijawaambia. Kampuni iliyonileta ilinyang'anywa leseni mwaka jana. Nikaandikiwa barua, siku 60 niwe nimepata siponsa mwingine au niondoke. Nilipata siku ya 51. Mnakumbuka ule mwezi nilisema simu mbovu? Simu ilikuwa nzima. Nilikuwa sina la kuwaambia.

Mama: Rehema. Ukanificha mimi?

Rehema Leeds: Usingelala, mama. Nisamehe.

Mama: Hata hivyo ungesema. Ningekuombea nikijua naomba nini.

Mjomba Hamisi: Juma njoo hapa nyumbani, tumpigie huyo mtu pamoja.

Juma: Tumempigia. Nimemuuliza habari ya 22 Julai, kasema haiwahusu watu wake. Mjomba akamwambia tutalipa yote viza ikishatoka. Kakata simu, sasa kanifungia namba.

Mjomba Hamisi: Kiwanja hakiuzwi. Namwambia mnunuzi asije.

Rehema Leeds: Alhamdulillah. Ahsante mjomba. Juma, Jumanne sina zamu, nitakupigia tupige hesabu ya pikipiki yako mwenyewe. Usinune.

Juma: Sijanuna dada. Pole kwa yale.

Rehema Leeds: Mama, viatu vya shule vya Zuhura nanunua wiki hii. Bado namba 29?

Mama: Vile vya Idi vinambana. Ngoja nimsimamishe kwenye karatasi.

Mama: [picha] Nimeuchora mguu wa kulia. Kidole gumba kimetoka nje ya mstari, alikuwa anacheka.

Rehema Leeds: Basi limefika. Chora na wa kushoto, mama.